Mdahalo wa urais: Tumpime mgombea kwa jibu, si kwa lafudhi

Kila msimu wa uchaguzi, mdahalo wa wagombea urais haujamalizika vizuri kabla ya Wakenya kuanza kuulizana: nani ameshinda? Si swali baya. Tatizo ni kwamba tunalijibu kabla ya kukubaliana tunapima nini hasa.

Mdahalo wa kwanza wa urais nchini ulipeperushwa moja kwa moja Februari 11, 2013, kutoka shule ya Brookhouse, Nairobi. Wagombea wote wanane walikuwa jukwaani. Swali zito zaidi usiku ule lilikuwa iwapo mtu mwenye kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai anaweza kuongoza taifa. Uhuru Kenyatta alisema kesi ile ilikuwa changamoto yake binafsi. Raila Odinga naye akasema ingekuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague. Basi! Watu walicheka, na hadi leo wengi wanakumbuka Skype kuliko swali lenyewe.

Peter Kenneth alisifiwa kwa utulivu na ufasaha wake. Uchaguzi ulipofika Machi 4, alipata kura 72,786, chini ya asilimia moja. Mwalimu Mohamed Abduba Dida, ambaye wengi walimfahamia pale jukwaani, alipata 52,848, akamshinda Martha Karua aliyewahi kuwa waziri. Kumbe makofi ya sebuleni ni kitu kimoja na kura ni kitu kingine.

Hatuko peke yetu. Tangu John Kennedy na Richard Nixon wakutane katika studio ya Chicago Septemba 26, 1960, Wamarekani wamesimulia zaidi uso wa Nixon uliosawijika kuliko sera walizojadili. Televisheni hulipa jicho kazi ya sikio.

Lakini mbona twende mbali kutafuta vipimo? Pwani yetu ilikuwa na midahalo ya kisiasa kabla ya kamera kubuniwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na malenga wa Lamu wakati miji hiyo ilipokuwa ikihasimiana. Katika malumbano ya aina hiyo, fumbo likitupwa sharti lifumbuliwe. Sauti tamu haikutosha. Ilibidi jibu liguse swali. Na aliyenyamaza alihesabiwa kuwa ameshindwa.

Kwa kipimo hicho, tuna deni. Julai 24, 2017, Raila alisimama peke yake jukwaani kwa kuwa Uhuru hakufika. Julai 26, 2022, ikawa zamu ya William Ruto kusimama peke yake, Raila akikosa kufika. Kila upande umewahi kukwepa, na kila upande umewahi kulalamika. Wafuasi nao hubadilisha msimamo kulingana na aliyekwepa ni nani.

Kisha kuna suala la lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, midahalo hii imeendeshwa zaidi kwa Kiingereza. Mpiga kura asiyeimudu lugha hiyo anabaki kuhukumu suti, tabasamu na lafudhi, halafu sisi tuliosoma tunamlaumu eti hafuati sera. Atazifuata vipi?

Mimi nashikilia kwamba maswali matatu yanatosha. Je, mgombea alijibu alichoulizwa? Je, alieleza fedha zitatoka wapi na sheria gani itabadilishwa? Je, mama muuza mboga anaweza kumrudia jirani yake jibu hilo kwa lugha yake mwenyewe? Aliyefeli la kwanza hakushinda, hata kama alituchekesha usiku kucha. Tusipomwadhibu anayekwepa swali, yule wa kesho hatakuwa na sababu hata ya kuja kuulizwa.