Jiko la Shilingi 140

Mwaka 1994, nikiwa na miaka 9, mamangu alinunua jiko la bati kwa shilingi 50. Lilikuwa jiko letu la tatu katika miaka miwili. Mawili ya awali yalikuwa yametoboka, makaa yakawa yanadondoka sakafuni. Pale pale kwa muuzaji palikuwa na jiko jingine, lenye kiuno chembamba na udongo mwekundu ndani. Bei yake shilingi 140. Mama aliligonga kwa kidole, akasikiliza mlio, akalirudisha chini. Tulikwenda nyumbani na la bati.

Miaka 12 baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilipewa kazi ya kuandika kuhusu historia ya jiko hilo la udongo. Nilianza kwa kumsikitikia mama. Kulingana na kumbukumbu zangu, tulikuwa tukitumia makaa ya shilingi 10 kwa siku. Jiko la udongo huokoa kati ya theluthi moja na nusu ya makaa. Nikakadiria tungeokoa shilingi 4 kila siku. Tofauti ya bei ya majiko yale mawili ilikuwa shilingi 90, kwa hiyo ingerudi mfukoni kwa siku 23. Kuanzia siku ya 24 jiko lingekuwa linatulipa sisi. Kwa mwaka mzima, zaidi ya shilingi 1,400.

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Kwetu kibaba kilichokuwa kikijaa ni cha muuza makaa.

Jiko la bati lina umri mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Husemekana lililetwa na Wahindi waliokuja enzi za ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa, iliyoanza mwaka 1896. Mafundi wa mijini walilifanya lao: walikata mapipa na madebe yaliyotumika, wakayakunja, wakayagongagonga hadi yakawa jiko. Lilikuwa rahisi kutengeneza na rahisi kubeba. Kasoro yake ni kwamba bati halizuii joto. Moto mwingi hupitia ubavuni, ukapasha hewa ya chumba badala ya sufuria, na bati lenyewe huungua taratibu hadi likatoboka.

Bei ya mafuta ilipopanda duniani katika miaka ya 1970, serikali na wafadhili walianza kuuliza maswali kuhusu nishati ya jikoni. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake kuhusu nishati mpya na jadidifu hapa Nairobi. Katika miaka hiyo hiyo, watafiti na mafundi Wakenya, akiwemo Maxwell Kinyanjui, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailandi, ambalo ndani yake lina udongo uliochomwa, wakalibadilisha lifae mapishi ya hapa. Wakalibana katikati, wakaupanua mguu wake ili lisipinduke mtu anaposonga ugali, na udongo wakauweka sehemu ya juu tu, penye moto. Chini wakaacha mlango mdogo wa kupitisha hewa.

Walioliwezesha kuenea ni mafundi wa jua kali. Watu wale wale wa Shauri Moyo waliokuwa wakigonga majiko ya bati walijifunza kulitengeneza hili jipya, na wafinyanzi wakawapelekea vikombe vya udongo. Hapo mwanzo bei ilikuwa juu mno kwa mtu wa kawaida. Lakini kila fundi aliyeliiga alimlazimisha jirani yake kushusha bei, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 majiko haya yalikuwa katika mamia ya maelfu ya nyumba. Yalivuka mipaka pia: Tanzania, Uganda, Rwanda, hadi Ghana.

Uigaji huo ulikuwa na upande wake wa pili. Baadhi ya mafundi walitumia udongo usiofaa, au waliutoa tanuuni kabla haujaiva, na ndani ya wiki chache ukapasuka. Kwa macho, jiko bovu na jiko zuri yalifanana. Ndiyo maana mama aliligonga na kusikiliza.

Nilipomsomea makala yangu, pamoja na ile hesabu ya siku 23, alinisikiliza hadi mwisho, akauliza:

"Umeandika kwamba sikujua?"

Nilikuwa nimeandika, kwa maneno ya kisomi, kwamba familia nyingi "hazikuwa na ufahamu".

"Hesabu hiyo niliijua, mwanangu. Muuzaji mwenyewe alinieleza. Lakini siku ile nilikuwa nimefua nguo za watu, nikalipwa shilingi 80, na nyingine 20 zilikuwa kwenye leso. Ningelipa 140 na nini? Na kama lingepasuka?"

Nilikata sentensi ile. Ilinichukua muda kuelewa kilichobaki. Hesabu yangu ilianzia siku ambayo shilingi 140 zipo mkononi, na kwetu siku hiyo haikuwahi kufika yenyewe. Asiye na pesa ya kununua kitu kizuri hukinunua kibaya mara tatu, kisha wasomi huja kumwuliza kwa nini hajui kuweka akiba.

Siku hiyo ilibidi itengenezwe. Mwaka 1995 mama na wanawake wengine 9 wa ploti yetu walianzisha chama. Kila mmoja alitoa shilingi 15 kwa wiki, na kila wiki mmoja wao alipokea 150: jiko, na shilingi 10 za unga. Walikwenda kununua pamoja, kwa fundi mmoja, wakamwambia kwamba likipasuka moja, wengine hawarudi. Zamu ya mama ilikuwa ya saba. Nakumbuka jioni ile kwa sababu maharagwe yaliiva na makaa yakabaki, akayazima kwa majivu ili yatumike asubuhi.

Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, bei ya makaa iliruka, na watu wengi mjini walianza kutamani gesi. Ukishakuwa na mtungi na kichomeo, gesi humlipa mwenyewe kama lile jiko. Tatizo ni kuupata huo mtungi wa kwanza.

Chama cha mama bado kipo, ingawa wamebaki wanawake 6. Mwaka jana walizungusha mitungi ya kilo 6. Nilipojitolea kuwanunulia yote kwa mpigo, mama alikataa. Alisema niweke jina langu kwenye orodha, nisubiri zamu.