Damu za Tinde

Jirani yangu hapa Sekei anaendesha watalii. Kila akirudi Serengeti shingo ina mabaka ya mbung'o. Wageni anawakataza nguo za bluu na nyeusi, maana ndizo rangi za vitambaa vya mitego, halafu yeye mwenyewe sare yake ni ya bluu! Juzi akaniuliza: "Ng'ombe anakufa kwa nagana, mbona mimi nadunda?"

Jibu lilianza mwaka 1902. Mfaransa Alphonse Laveran aliwadunga panya wagonjwa majimaji ya damu ya binadamu, akaona tripanosoma wakitoweka. Hakukuwa na chanjo wala kuugua kwanza. Ni kinga ya kuzaliwa nayo. Mwaka 2003 watafiti wa Ubelgiji wakaitambua silaha yenyewe, protini iitwayo APOL1. Kimelea huimeza kama chakula, nayo humtoboa kutoka ndani mpaka avimbe na kupasuka.

Ila tripanosoma wa malale ya huku mashariki ana protini yake ya kuikamata APOL1. Huyo ndiye aliyewaangusha watalii kadhaa waliopita Serengeti na Tarangire mwaka 2001.

Siri hiyo Waingereza wa Tanganyika hawakuwa nayo. Walitaka kujua: kimelea huyu akikaa miaka kwa wanyama tu, atasahau kumwambukiza mtu? Basi kule Tinde, karibu na Shinyanga, kuanzia 1934 wakawa wanampitisha kwa mbung'o, kondoo na swala, tena na tena. Hadubini haikuweza kumtofautisha na yule wa nagana, kwa hiyo kipimo kikawa mwili wa mtu. Mbung'o aliwekwa kwenye ngozi ya Mwafrika, ikasubiriwa homa.

Ripoti zinawaita watu hao waliojitolea. Neno hili linanikwaza. Unajitolea vipi mbele ya daktari wa serikali ya kikoloni? Ukweli ni kwamba damu zao zilijibu swali: baada ya zaidi ya miaka kumi, kimelea hakuwa amesahau. Majina ya madaktari Corson na Fairbairn bado yananukuliwa kwenye vitabu vya tiba. Ya wenye damu, hapana.

Kuna mnyama anayemshinda hata huyo wa malale: nyani. Ndiyo, hawahawa wa Meru wanaotumalizia mahindi. APOL1 yao haikamatiki.

Nilimsimulia jirani yote haya. La nyani lilimchekesha. La Tinde akalinyamazia kidogo, kisha akauliza walilipwa shilingi ngapi.