Chungu cha Jumamosi

Jumamosi, jua likishazama, Boston ya karne ya 17 ilikuwa imekwisha kufunga kazi. Kwa Wapuritani walioanzisha mji huo mwaka 1630, Sabato haikungoja alfajiri ya Jumapili; ilianza jioni ile na kwisha machweo ya kesho yake. Saa hizo hazikuwa za kupika. Lakini njaa haijui Sabato, na nyumba nyingi ziliegemea chungu cha maharage na nyama ya nguruwe.

Ni pishi la subira. Maharage meupe madogo yanalowekwa usiku wa kuamkia Jumamosi. Asubuhi yanachemshwa mpaka maganda yaanze kulegea, kisha yanahamia kwenye chungu cha udongo chenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Nyama iliyokaushwa kwa chumvi inachanjwa ngozi kwa kisu na kuzamishwa humo, ngozi ikichungulia juu. Mafuta yanashuka polepole, maharage yanayanywa. Waokaji mikate walipita nyumba kwa nyumba asubuhi kukusanya vyungu, wakavitia katika tanuri zao, na kuvirudisha vikiwa moto pamoja na mkate mweusi.

Leo mtu akitaja maharage ya Boston, mwenziwe anafikiria molasi, ule urojo mweusi unaobaki sukari ikishatolewa kwenye maji ya miwa. Hata hivyo, mwaka 1829 mwandishi Lydia Maria Child alipowaandikia mapishi watu wa kipato kidogo, alitaka ratili moja ya nyama kwa kiasi cha lita moja ya maharage, pilipili manga kidogo, na saa 3 au 4 za tanuri. Molasi hakuitaja kabisa.

Si kwamba ilikuwa adimu. Wafanyabiashara wa Massachusetts waliileta kwa mapipa kutoka visiwa vya Karibi, wakaigeuza ramu, na sehemu ya ramu hiyo ikavushwa hadi Afrika Magharibi kununulia watu. Watu hao wakapelekwa kwenye mashamba ya miwa, kutoa molasi zaidi. Biashara ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1733 Bunge la Uingereza liliitoza kodi molasi iliyotoka visiwa vya mataifa mengine. Chungu cha siku ya mapumziko kikaja kukolezwa kwa zao lililokuzwa na watu walionyimwa mapumziko; habari zake zisizogusa mashamba yale ni nusu habari.

Na Boston kwenyewe molasi ilileta msiba: tarehe 15 Januari 1919, tangi lenye lita zaidi ya milioni 8 za molasi, ya kutengenezea spiriti ya viwandani, lilipasuka katika mtaa wa North End. Wimbi zito lilibomoa nyumba, likaua watu 21 na kujeruhi wapatao 150. Kwa miaka mingi wakazi walisimulia kwamba siku za joto kali harufu yake tamu ilikuwa ikirudi.