Seva yako, ua wa wote
Mwaka jana nilikodi seva nzima, yangu peke yangu. Kampuni siitaji. Usiku mmoja hapa Kiembeni nikafungua programu ya kusikiliza mtandao, nikakuta seva za watu wengine zinaulizana anwani kwenye waya huohuo. Nyumba yangu, ua wa wote.

Sisi Mombasa tukisimulia historia ya intaneti tunataja nyaya za baharini tu: 2009, SEACOM na TEAMS, basi. Kuta tunazisahau. Mwaka 1998 ilitoka 802.1Q: data inabandikwa namba ya VLAN, swichi ijue ni ya nani. Namba hiyo ina biti 12, yaani mitandao 4,094 pekee. Ofisini inatosha na kubaki. Kwa mwenye wapangaji maelfu inaisha. 2014 ikaja VXLAN, biti 24, zaidi ya milioni 16.

Sasa skiza. Ukikodi kipande cha mashine, programu ya mwenye nyumba iko chini yako, inakuzuia. Ukikodi mashine nzima, funguo zote ni zako, na za mkorofi wa jirani ni zake. Ukuta ukiwekwa ndani ya seva ataubomoa. Manake lazima uwekwe kwenye swichi, kwenye tundu lenyewe la waya, ubadilishwe kila mpangaji akiingia au akihama. OpenStack Ironic ilianza kufanya hivyo yenyewe 2016.

Niliwaandikia. Wakanijibu niweke fayawoli. Kwani fayawoli yangu itamzuia jirani kujipa anwani yangu?