Alama juu ya uso wa seli: historia fupi ya jina CD4

Kwa miaka mingi, katika hospitali na zahanati za Kongo, mgonjwa wa Ukimwi, ambao kwetu huitwa Sida, aliulizwa swali hili: CD4 zako ni ngapi? Herufi mbili na tarakimu moja ziliingia hivyo katika vinywa vya watu wasiopata kuona maabara. Katika makala haya twakusudia kueleza zilikotoka. Nyuma ya jina hilo kuna historia ya chombo kimoja, kingamwili ya ukoo mmoja, iitwayo pia kingamwili ya monokloni.

Kabla ya chombo hicho, aliyetazama damu kwa hadubini aliona limfositi zote zikifanana: kiini cha mviringo na ute kidogo pembeni. Wataalamu walikwisha kujua kwamba zimo za aina ya B, ambazo huzaa seli zitengenezazo kingamwili, na za aina ya T, ambazo baadhi husaidia nyingine na baadhi huua seli zilizoambukizwa. Lakini tofauti hizo hazionekani kwa macho. Zimo katika protini zilizoko juu ya uso wa seli. Ili kuzitambua T za binadamu, walizichanganya na chembe nyekundu za damu ya kondoo, zikajipanga kuzizunguka mfano wa ua. Njia hiyo ilifaa, lakini haikuweza kutenganisha T zisaidiazo na T ziuazo.

Mwaka 1975, katika mji wa Cambridge, César Milstein, mzaliwa wa Argentina aliyeiacha nchi yake kwa sababu za kisiasa, na kijana Mjerumani Georges Köhler, waliunganisha seli ya bandama ya panya aliyechanjwa na seli ya saratani ya uboho. Ya kwanza yajua kutengeneza kingamwili moja lakini hufa upesi. Ya pili huzaliana bila kikomo. Mseto wao ulirithi sifa zote mbili. Damu ya mnyama aliyechanjwa ina kingamwili za namna nyingi zilizochanganyika. Chupa ya uzao wa seli moja ya mseto ina namna moja tu, ileile leo na baada ya miaka kumi. Wawili hao hawakuwa wakitafuta dawa. Walitaka kuelewa jinsi mwili unavyopata kingamwili tofauti kwa wingi namna ile. Uvumbuzi wao haukupewa hataza, na mwaka 1984 walipata tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne.

Chombo kilipopatikana, maabara nyingi zilianza kuchanja panya kwa limfositi za binadamu na kuchagua kingamwili zilizoshika baadhi yazo tu. Mwaka 1979 ilitangazwa OKT4, iliyoshika T zisaidiazo. Kampuni nyingine ikauza yake kwa jina la Leu-3, na kumbe zote mbili zashika protini ileile! Msomaji aliyezoea mabishano ya istilahi ataitambua hali hii. Mkutano wa Paris wa mwaka 1982 ulilinganisha kingamwili za maabara mbalimbali, ukaziweka katika makundi, na kila kundi likapewa herufi CD na namba. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uamuzi wa busara kubwa: jina lilitoka kwa mwenye kuuza likaenda kwa kitu chenyewe.

Wakati huohuo ugonjwa mpya ulikuwa umejitokeza. Taarifa ya kwanza ilitolewa Marekani tarehe 5 Juni 1981. Mwezi wa Oktoba 1983, nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaire, wataalamu wa Ubelgiji na Marekani walifika hospitali ya Mama Yemo, Kinshasa, ambako Daktari Kapita Bila alikwisha kuwaona wagonjwa wenye kudhoofika namna hiyo. Kipimo cha virusi hakikuwapo bado hospitalini. Kilichobaki ni dalili za mgonjwa na hesabu ya limfositi: kingamwili hutiwa rangi ing'aayo, hushika seli yenye alama yake, na mpimaji huhesabu moja moja zile zinazowaka. Kwa majuma matatu walitambuliwa wagonjwa 38, wanawake kwa wanaume karibu sawa, na T zisaidiazo zimepungua vibaya. Taarifa yao ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba ugonjwa huu hupita kati ya mwanamume na mwanamke, jambo ambalo wengi ng'ambo walikuwa hawajalikubali.

Mwishoni mwa mwaka huo, watafiti wa London na Paris walionyesha kwamba CD4 yenyewe ndiyo mlango wa virusi: kingamwili ikiiziba, virusi haviingii.

Hapa hatuna budi kusema jambo lenye uchungu. Projet Sida, uliofanya kazi Kinshasa tangu 1984 hadi ghasia za 1991, uliacha maarifa mengi. Lakini dawa zenye nguvu zilizopatikana katika nchi tajiri tangu 1996 zilichelewa kwetu kwa miaka mingi. Mgonjwa aliambiwa 150, kisha 80, na hakupewa kitu. Damu yake ilihesabiwa kwa ustadi, naye akarudi nyumbani na karatasi.

Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lashauri kila mwenye virusi aanze dawa bila kungoja hesabu. Hata hivyo CD4 zahesabiwa bado, maana aliye chini ya 200 yumo katika hatari ya kifua kikuu na ya uvimbe wa utando wa ubongo, na huyo hapaswi kurudishwa nyumbani.