Usubi na Kesi ya Malale

Katika insha mnazoniletea, kila mdudu aumaye huitwa mbu. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Mbu ni mbu. Mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo, ndiye aambukizaye malale. Na usubi ni wadudu wadogo mno, wanaokaribia udogo wa punje ya ulezi, ambao huwahisi mpaka ngozi imekwisha kuwasha. Ndani ya jina hilo moja zimo koo mbili. Ukoo wa kwanza huzaliana katika tope, samadi na vigogo vya migomba vilivyooza, nao husumbua zaidi jioni na alfajiri. Ukoo wa pili, wenye kibiongo mgongoni, huzaliana katika maji yaendayo kasi, nao huuma mchana. Wewe uishiye Nyamitanga au Nakivale, katika nchi hii ya ng'ombe na migomba, jirani yako ni yule wa kwanza. Nianze naye, kwa kuwa historia yake imefungamana na msiba mkubwa kuliko yote iliyoipata Uganda mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwaka 1891, daktari Mwingereza aitwaye Patrick Manson alitangaza kwamba ameona vinyoo vidogo katika damu ya Mwafrika aliyelazwa London akiugua malale. Akashuku kuwa vinyoo hivyo ndivyo chanzo cha ugonjwa. Dhana ilikuwa na mantiki yake, lakini dhana si ushahidi. Malale yalipowashukia watu wa Busoga na wa kando ya ziwa Viktoria, Jumuiya ya Kifalme ya sayansi ya London iliwatuma Uganda, mwaka 1902, madaktari watatu: George Low, Aldo Castellani na Cuthbert Christy. Low na Christy walipima damu za watu wa mahali pengi, kisha wakalinganisha ramani mbili, ya mnyoo na ya malale. Hazikuoana. Palikuwa na nchi zenye mnyoo tele na bila malale, na nchi zenye malale ambako mnyoo hakuonekana. Mshtakiwa akaachiwa huru. Castellani aliona kijidudu kingine katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce na wenzake wakamfikia mbung'o.

Je, mnyoo ule uliosingiziwa huenezwa na nani? Jibu lilipatikana Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1920: ni usubi. Na kwa kawaida wenye mnyoo huo hawaugui sana. Wengi huishi nao bila kujua.

Natumaini unaona kwa nini nakaza jambo hili. Kati ya mwaka 1906 na 1909 serikali ya Gavana Hesketh Bell iliwaondoa watu kandokando ya ziwa na katika visiwa vya Ssese, ili kuwatenga na mbung'o. Yakadiriwa kuwa watu wapatao 250,000 walikufa kwa malale kati ya mwaka 1900 na 1920. Sina shaka kwamba kuwatenganisha watu na mbung'o kuliokoa maisha. Lakini waliohamishwa waliacha nyumba, makaburi, migomba na mitumbwi, wala si wao waliopiga kura ya kuhama. Nanyi mliozaliwa Nakivale, mahali palipowapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, mnaujua uzito wa neno hilo bila kufunguliwa kamusi. Amri ya namna hiyo ingalitolewa kwa kumlenga mdudu asiye na kosa, ingalikuwaje?

Christy hakurudi na ramani peke yake. Miongoni mwa wadudu waliokusanywa Uganda alikuwamo usubi wa ukoo wa pili, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1903. Katika ripoti za kikoloni utamkuta akiitwa 'mbwa', jina alilojulikana nalo kandokando ya Nile huko Jinja. Na aliyewahi kuumwa naye haoni ajabu. Huyu ndiye mwenye hatia ya kweli, maana hueneza minyoo inayoharibu ngozi na hatimaye macho. Alisumbua vibaya mafundi na vibarua wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Mto ukatiwa dawa ya DDT, na kufikia miaka ya 1970 alikuwa ametoweka pale.

Ndugu yake wa misituni alikuwa mjanja zaidi. Wataalamu walipekua mawe na majani ya vijito wasione mabuu yake, mpaka mwaka 1950, nchini Kenya, yalipogunduliwa yamejibandika juu ya kaa wa maji baridi! Usubi huyo alikuwapo hata upande wetu wa magharibi, katika vijito vya msitu wa Kashoya-Kitomi. Tangu mwaka 1987 dawa ya ivermektini imetolewa bure na kampuni iliyoitengeneza, na mwaka 2007 Uganda iliamua kuutokomeza ugonjwa wenyewe badala ya kuupunguza tu. Wanaoibeba dawa nyumba kwa nyumba ni wanakijiji wa kujitolea, wakipima kimo cha kila mtu kwa fimbo ili wajue idadi ya vidonge. Mimi huwahesabu hao miongoni mwa watumishi wa umma, ingawa hawana ofisi.

Nyumbani, usubi wa jioni haumzuii chandarua cha kawaida. Matundu yake ni makubwa mno kwake. Wafugaji wa Ankole tangu zamani huwasha moto wa samadi zizini, moshi ukawakinga ng'ombe na wachungaji pamoja. Feni husaidia penye umeme, kwani usubi hawezi kushindana na upepo. Na kwenye shamba la ndizi, kigogo kilichokwisha kuvunwa kikatwekatwe vipande vidogo na kutandazwa kikauke juani. Wakulima hufanya hivyo kuwapunguza fukusi wa migomba, na usubi naye hukosa mahali pabichi pa kutagia.