Kuihoji Damu

Kwa miaka mingi hesabu za kiharusi nchini mwetu zilikuwa za wale waliofika hospitali. Waliofia majumbani walizikwa tu, wakaombolezwa, ikawa basi. Mwaka 1992 ulianza mradi wa kuhesabu vifo vya watu wazima katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini, na njia yake ilikuwa ya kiungwana kabisa: kupiga hodi na kuuliza. Wahoji waliwaendea wafiwa, wakadadisi marehemu alianguka vipi, upande gani ulilegea, kama aliweza kusema. Kisha madaktari wakayasoma majibu na kuamua chanzo cha kifo.

Matokeo yalishtua. Hadi kufikia 1995, katika watu wa umri wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kilikuwa kikiua kila mwaka wanaume 65 kati ya 100,000 wa Dar es Salaam, na wanawake 88 kati ya 100,000. Uingereza na Wales, mwaka 1993, walikufa wanaume wapatao 11 na wanawake wapatao 9 tu. Nasi tulikuwa tukiyaita maradhi ya Wazungu!

Hata hivyo kuhoji kuna mpaka. Jirani yangu hapa Pugu alianguka alfajiri akiwa uani. Mkewe, mama mwenye macho makali, alieleza yote: mdomo ulivyopinda, mkono ulivyoanguka, saa yenyewe. Lakini hakuna mke awezaye kueleza kama mshipa ndani ya fuvu umeziba au umepasuka. Kwa nje hali hizo mbili hufanana mno, na kuzichanganya ni hatari. Tangu 1995 imejulikana kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda humsaidia mwenye mshipa ulioziba akiwahiwa. Mwenye mshipa uliopasuka, dawa hiyo hiyo yaweza kumuua.

Mashine ya kupiga picha ya ubongo, iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield na kutumiwa kwa mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, ndiyo iliyomaliza ubishi huo. Ila ni mashine ya gharama, haibebeki kwenye kikapu cha mkunga. Ndipo wataalamu wakaiendea damu yenyewe. Ndani ya seli za ubongo zenye umbo la nyota mna protini iitwayo kwa kifupi GFAP. Mshipa ukipasuka, damu huzirarua seli hizo papo hapo, na protini humwagika mapema. Mshipa ukiziba, seli hufa polepole na protini huchelewa. Mwaka 2012 madaktari wa Ujerumani na nchi jirani walitangaza matokeo ya wagonjwa 205, waliopimwa ndani ya saa nne na nusu tangu kuugua, na kipimo kilitofautisha vizuri. Aidha, kadiri damu iliyovuja ilivyo nyingi, ndivyo protini hiyo inavyopanda, kwa hiyo huashiria pia uzito wa hali. Mvujo mdogo huweza kukikwepa, na picha bado ndiyo hakimu.

Saa nne na nusu! Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwauliza watu wa Dar es Salaam na wa Hai kiharusi hutoka wapi. Mimi, mwalimu, ningetabiri kwamba wa mjini watataja shinikizo la damu na wa shamba watataja uchawi. Ilikuwa kinyume. Mjini walitaja zaidi mashetani na uchawi. Hai wakataja shinikizo la damu, mafuta na mawazo.

Kwa jirani yangu wazee wa ukoo walibishana, mganga akaitwa, akafukiza siku mbili. Alifikishwa hospitali siku ya tatu. Kufikia wakati huo protini ile huwa imepanda kwa aliyezibwa mshipa na kwa aliyepasuka vilevile, na hata kipimo kingekuwepo, kisingeweza kuwatenganisha.